Presha Iliyoshuka Kitandani

Jumanne, tarehe 14 Mei. Hali ya hewa asubuhi: mawingu mepesi, upepo mdogo, hakuna mvua.

Hivyo ndivyo Fundi Cherehani alivyoandika kwenye daftari lake la utafiti, akiwa amelala chali kitandani, blanketi limemfika kidevuni. Nje mvua ilikuwa inalipiga bati kwa fujo, hata ikabidi aisome sentensi yake mara mbili ili ajiamini. Akafikiri kidogo. Akafuta "hakuna mvua", akaandika "manyunyu". Dhamiri yake ikatulia. Mtu aliyekubali manyunyu, alijiambia, hawezi kuitwa mwongo moja kwa moja.

Safu iliyofuata ilitaka ndege aliowasikia. Fundi akachukua kipeperushi chenye picha za ndege alichogawiwa siku ya kwanza. Jana aliishia kwa tetere, kwa hiyo leo ilikuwa zamu ya kigong'ota na chozi. Akawaandika wote wawili kwa mwandiko safi. Kisha akaingia safu ya mwisho, ile ya presha. Kabla ya kukaa msituni: 134 kwa 86. Baada ya kukaa msituni nusu saa: 128 kwa 82. Akaitazama kazi yake, akaona ni njema.

"Msitu umeamkaje?" mke wake aliuliza. Alikuwa mbele ya kioo anafunga kitambaa kichwani, wala hakugeuka.

"Salama."

"Na hao ndege wamekufuata humu humu chini ya blanketi, au ulitoka mara moja mimi nikiwa nimesinzia?"

"Mama watoto, wewe mambo ya utafiti huyajui."

"Siyajui kweli. Ninachokijua ni kwamba viatu vyako vikavu."

Fundi akajifanya anakohoa. Akanyoosha mkono mezani, akachukua kidonge chake cha presha, akakimeza kwa maji. Katika uongo wake wote hakuwahi kuruka kidonge hata siku moja. Mjinga alikuwa, lakini hakuwa mjinga kiasi hicho.

Mtu huyu alikuwa na miaka hamsini na sita. Shule aliiacha darasa la saba akaenda kushika cherehani, na cherehani ikamlea, ikamwozesha, ikamsomeshea watoto. Wa mwisho alipomaliza chuo, Fundi akanunua daftari, akajiandikisha masomo ya jioni. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao wa juu, katikati ya wanafunzi ambao angeweza kuwazaa wote. Kabla ya mtihani wao humwomba awaongoze katika sala, naye huwaongoza kwa moyo, sala ndefu, mpaka msimamizi anaanza kutazama saa. Mtaani walimpachika jina la Profesa. Yeye hulikataa jina hilo kwa mdomo tu. Siku ambayo hajaitwa hivyo mpaka adhuhuri, huanza kujiuliza kama amemuudhi mtu.

Ni kule darasani ndiko Mtafiti alikomkuta. Alikuwa binti wa chuo kikuu, mwembamba, mwenye miwani na darubini shingoni. Alisimama mbele ya darasa la baiolojia akaeleza kwamba anachunguza jinsi viumbe wa mahali wanavyohusiana na afya ya watu wa mahali hapo. Nyuma ya kituo cha afya kuna kijisitu, miti kama mia mbili hivi, kipande kilichobaki cha msitu mkubwa wa zamani, na ndani yake ndege wa aina nyingi. Alitaka kujua kama mtu mwenye presha akikaa mle kila asubuhi nusu saa, akasikiliza ndege, akapumzika, mwili wake utanufaika. Watu thelathini wangekaa msituni. Thelathini wengine wangekaa kwenye baraza la kituo wakitazama ukuta. Wote wangeendelea na vidonge vyao kama kawaida. Wiki nane, kila mmoja na kipimo chake na daftari lake.

Na halikuwa jambo la kujifunzia tu. Mganga Mkuu wa kituo alitaka kuukata msitu ule ili ajenge ghala la dawa na mahali pa kuegesha magari. Hakuwa mtu mbaya. Alisema wazi mbele ya kamati ya wakazi: "Nionyesheni namba, nitaiacha miti. Bila namba, naleta misumeno." Kikao cha uamuzi kikawekwa Jumamosi ya tarehe 25 Mei.

Fundi alinyoosha mkono wa kwanza. Presha alikuwa nayo, sayansi alikuwa anaipenda, na miti ile aliijua tangu utoto wake. Usiku huo aliwaombea ndege.

Siku ya kwanza alifika alfajiri, akaketi kwenye gogo, akapima: 158 kwa 96. Akafumba macho asikilize. Siafu wakampanda ndani ya suruali. Baada ya nusu saa akapima tena: 163 kwa 99. Siku ya pili hakukuwa na siafu, lakini alikuwa na hamu kubwa mno ya kutulia. Alijiamrisha kutulia, akajikaripia kwa kutotulia, akapima: 165. Siku ya tatu alitazama saa mara kumi na nne. Siku ya nne alisali kwa nguvu ili ishuke, mpaka jasho likamtoka, na presha ikapanda kama aliyekuwa anapandisha gunia ghorofani. Zikatimia siku nane za namna hiyo. Alizoandika siku hizo nane zilikuwa kweli tupu, na kila alipozitazama aliona haya.

Maana Fundi alijua jibu linalotakiwa. Katika jaribio la mzunguko wa damu alipata alama sabini na moja, ya pili kwa ukubwa darasani. Mtu aliyepata sabini na moja, moyo wake mwenyewe unamwaibishaje hivi? "Nitamharibia binti wa watu kazi yake," alifikiri. "Na miti itakatwa kwa ajili yangu."

Asubuhi ya tisa kulikuwa na baridi, na sare za shule arobaini zilikuwa zinamsubiri dukani. Akasema leo tu. Akaandika akiwa kitandani: kabla 156, baada 154. Akangoja kidogo. Hakuna kilichoanguka kutoka mbinguni. Kesho yake akapunguza nyingine mbili.

Na kupunguza ndiyo ilikuwa kazi yake. Mteja akileta suruali inayompwaya kiunoni, Fundi huila kidogo kidogo pande zote mbili mpaka imkae, na mshono hauonekani. Presha nayo akaishona hivyo hivyo. Cha ajabu ni kwamba kiuno cha mteja hakuwahi kukikosea hata nusu inchi. Ukimwambia akukadirie kwa macho, atakasirika, atasema kazi ni kipimo, atoe futi yake shingoni. Kiuno cha mtu baki alikiheshimu. Moyo wake mwenyewe aliukadiria kwa macho yaliyofumba.

Sala nazo zikabadilika. Alikuwa bado anapiga magoti kila alfajiri, lakini sasa alisali akilizunguka daftari kama mtu anavyozunguka dimbwi asilowe. Aliwaombea wagonjwa, wajane, wasafiri, viongozi, hata watu wa nchi ambazo hajui ziko wapi. Alipokaribia daftari, alisema "amina".

Jumatano, siku moja baada ya manyunyu yale, Mtafiti alikusanya madaftari akayapitia. Jioni akaja dukani anakimbia, miwani imemtelemka puani.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Sogeza hizo sare."

"Sikai. Baba, njoo uone." Akafungua kompyuta yake juu ya meza ya kukatia nguo, katikati ya chaki na pini. "Hii ni michoro ya wenzako. Ona, wanapanda, wanashuka, wanapanda, kama mtu anayekimbia mashimo barabarani. Sasa ona wako."

Mstari wa Fundi ulishuka kutoka juu mpaka chini umenyooka, hatua sawa kwa sawa.

"Ni mzuri," Fundi alisema, na alimaanisha. Alikuwa na jicho la mistari.

"Si mzuri, ni ajabu! Jana umefika mia ishirini na nane! Nimekaa miaka minne nasubiri mtu kama wewe. Jumamosi ya kikao nataka usimame uwaambie watu kwa mdomo wako. Mimi nikiongea, wataona maneno ya chuo. Wewe wanakujua."

Hapo ndipo Fundi alipopaswa kusema. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango wa duka. Lakini kichwani mwake alikuwa tayari anachagua kitambaa cha koti la siku hiyo.

"Ikiwa ni kwa ajili ya miti," alisema kwa unyenyekevu uliomchefua hata yeye mwenyewe, "sitakataa."

Upande wa pili wa ukuta wa mbao, nyundo ya Fundi Viatu ikanyamaza. Fundi Viatu alikuwa jirani yake wa miaka ishirini, mtani wake, na mgonjwa mwenzake wa presha. Kichwa chake kikachomoza mlangoni.

"Profesa! Nimesikia mia ishirini na nane, au nina nta masikioni?"

"Umesikia vizuri."

"Wewe? Wewe uliyekuwa unafoka mpaka cherehani inatetemeka? Mimi wiki iliyopita nimepimwa mia sabini na tano, muuguzi akaniangalia kama maiti iliyokuja kwa miguu yake."

"Ni msitu," Mtafiti akamjibu kwa furaha, huku anafunga kompyuta. "Ndege, miti, utulivu."

"Na mimi nakuja huko."

"Karibu, mzee. Huwezi kuingia kwenye hesabu maana tumeshaanza, lakini msitu ni wa wote."

Wiki nzima iliyofuata Fundi hakulala vizuri, na asubuhi aliandika 124. Alhamisi ya tarehe 23, ilipata saa moja na nusu, Fundi Viatu akapita dukani kwake kabla ya kufungua la kwake. Alikuwa na jani kwenye nywele na uso mwekundu.

"Nimekukosa tena, Profesa."

"Umenikosa wapi?"

"Msituni! Siku ya saba leo nakutafuta. Wewe unakaa upande gani?"

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. "Mimi... huwa nakaa ndani zaidi."

"Ndani zaidi wapi? Msitu wenyewe ukipiga chafya upande huu, wa upande ule anakuambia upone. Nimezunguka mpaka nikamkanyaga bibi mmoja wa utafiti wenu."

"Basi tunapishana."

"Haya. Lakini nakushukuru, ndugu yangu. Umenitoa utumwani." Fundi Viatu akajipiga kifua. "Vile vidonge nimevitupa chooni tangu siku ya kwanza. Vyote. Nimevuta maji mara mbili."

Fundi akaweka mkasi chini. "Umefanya nini?"

"Vya kazi gani? Wewe si umeshuka bila shida?"

"Mimi navimeza! Kila siku! Tuliambiwa kabisa, vidonge mtu asiache."

"Aa, hayo huandikwa ili kituo kisije kikalaumiwa."

"Nakuambia ukweli, navimeza. Leo nimemeza."

Fundi Viatu akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayeficha peremende. "Profesa, usinifanyie hivyo. Umepona, sasa unataka kupona peke yako ili uitwe wewe tu mbele za watu. Mimi mbona kiatu chako nilikitia soli bila maneno?"

"Sikiliza, ndugu yangu..."

"Kichwa kinagonga kidogo, sikatai. Ni sumu ya vidonge inatoka." Akaenda zake. Punde nyundo ikaanza kugonga nyuma ya ukuta, na kila pigo Fundi alilihesabu.

Ijumaa alfajiri Fundi alipiga magoti kama kawaida. Aliwaombea wagonjwa, akafika kwa mgonjwa mmoja, akakwama. Wajane na wasafiri hawakufikiwa siku hiyo.

"Leo umesali kwa ufupi," mke wake alisema.

"Nimejibiwa haraka."

"Umeambiwaje?"

"Ndiyo matatizo yenyewe."

Mke akaja akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakumcheka. "Baba watoto, mimi nilikuwa nakutania kwa sababu nilidhani utachoka mwenyewe. Hili limekuwa kubwa?"

"Fundi Viatu ameacha dawa."

Mke akashika kichwa. "Nenda kamwambie yule binti. Leo hii."

Akaenda. Alasiri alifunga duka, akatembea mpaka kituoni, njia nzima akijisomea maneno aliyoyapanga: mwanangu, nina jambo la aibu. Chumba cha Mtafiti kilikuwa stoo ya zamani ya mashuka, na siku hiyo kilikuwa kimejaa bango moja refu kama shuka lenyewe. Katikati ya bango, kwa rangi nyekundu, ulitelemka mstari wa Fundi.

"Baba! Umekuja wakati mzuri. Waonaje?"

"Mwanangu," Fundi alisema, "nina jambo."

"Ni rangi? Wenzangu wamesema nyekundu ni kali mno." Macho yake yalikuwa mekundu pia, kwa kukosa usingizi. "Niambie tu. Nimekuwa nikiota misumeno, Fundi. Jana nimeota wanakata, na ndege wananiuliza mimi."

Fundi akalitazama bango. Maneno aliyoyabeba njia nzima yakamponyoka kama pini chini ya meza.

"Rangi imekaa vizuri," alisema, akarudi nyumbani. Barabarani alijitukana kwa majina yote anayoweza kuyatamka mtu anayesali.

Jumamosi ukumbi wa kusubiria wagonjwa ulijaa. Viti vya plastiki vilikwisha, watu wakasimama ukutani, na wengine waliokuja kutibiwa tu wakajikuta ni wajumbe. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, aliomba utulivu. Mganga Mkuu akaongea kwanza. Alionyesha maboksi ya dawa yaliyopangwa koridoni juani, akaeleza jinsi gari la wagonjwa lilivyokwama wiki iliyopita kwa kukosa pa kugeukia. Hakupiga chuku. Watu wakatikisa vichwa, na Fundi, aliyekaa mbele na koti lake jipya la kijivu, alimwona Mtafiti akikunja na kukunjua vidole.

Kisha Mtafiti akasimama, akafungua bango, akaeleza kwa lugha rahisi. Penye ndege wa aina nyingi, alisema, pana miti ya aina nyingi, pana wadudu wa kuliwa, kivuli na hewa iliyopoa. Huenda mwili wa binadamu unalitambua hilo hata kabla akili haijatambua. "Lakini msinisikilize mimi," alimalizia. "Msikilizeni jirani yenu."

Makofi yakapigwa. "Profesa! Profesa!"

Fundi akasimama. Kabla hajafungua mdomo, Fundi Viatu naye akasimama katikati ya ukumbi, uso umeiva, jasho kwenye paji.

"Mwenyekiti, mniwie radhi, nataka kumsaidia shahidi! Mimi namfuata Profesa siku ya tisa leo. Na vidonge nimetupa chooni!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi zaidi. Kwenye kiti cha karibu na dirisha, bibi mmoja mwenye mkongojo akamvuta Fundi mkono wa koti.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, kwa dhati kabisa, "na mimi niviache? Vya sukari navyo?"

Fundi akamtazama. Akatazama bango. Mstari mwekundu ulikuwa umenyooka vizuri, kazi safi, mshono hauonekani. Akafungua kifungo cha juu cha koti.

"Hapana, bibi," alisema. "Usiache hata kimoja. Mimi sikuwepo."

"Hukuwepo wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Msituni. Nilikwenda siku nane za mwanzo. Siku hizo nane presha ilipanda. Nikaona haya. Zilizobaki zote nimeziandikia kitandani."

Watu wakageukiana kama waliosikia vibaya.

"Unasema namba umezitunga?" Mganga Mkuu aliuliza taratibu.

"Nimezitunga. Na ndege pia. Nilikuwa nawafuata kwenye kipeperushi, kutoka juu kwenda chini. Wakiisha naanza upya."

"Ni kweli," ikasikika sauti ya mwanamke kutoka nyuma. Ilikuwa ya mke wake. "Nilikuwa naye. Tangu siku ya tisa hajatoka kwenda huko hata mara moja."

Hapo ukumbi ukapasuka. Watu walivunjika mbavu, wakashikana mabega, mmoja akaanguka na kiti chake. Fundi alisimama mle katikati ya kicheko na koti lake la kijivu, na kusema kweli aliona kwamba angekuwa yeye amekaa kule, angecheka kuliko wote. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, kiongozi wa sala, amelala anahesabu vigong'ota.

Watu wawili hawakucheka. Mtafiti alikuwa amekaa chini kwenye sakafu kando ya bango lake. Na Fundi Viatu alikuwa bado amesimama, mdomo wazi.

"Na vidonge?" aliuliza. "Ulikuwa unameza?"

"Nilikuambia navimeza. Kila siku. Hukuniamini, na haki ulikuwa nayo, maana mengine yote nilikudanganya. Muuguzi, tafadhali, mpime huyu. Mpime sasa hivi."

Muuguzi akaja na kipimo. Alianza na Fundi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu: 171 kwa 102. Kisha akamfunga Fundi Viatu mkono. Mashine ikavuma, ikavuta, ikavuma tena. Muuguzi akaisoma, akaisoma mara ya pili, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kikao: "Mia moja tisini na sita kwa mia na kumi na nane. Mzee, kaa. Usisimame tena."

Kicheko kikaisha palepale. Mganga Mkuu alikuwa ameshavuka viti, anamuuliza kuhusu kichwa, macho, kifua. Dawa ikaletwa kutoka kwenye yale maboksi ya koridoni, na maji kwenye kikombe. Fundi Viatu akameza, maji yakamwagika kwenye shati.

"Profesa," alisema, "ulitaka kuniua."

"Karibu nikuue, ndugu yangu. Na kwa unyoofu nakuambia, jana nilipata nafasi ya kusema, nikasifia rangi."

Wakamlaza kwenye kitanda cha chumba cha jirani, mlango wazi, na kikao kikaendelea kwa sauti za chini. Mtafiti aliinuka. Hakumtazama Fundi. Alichukua kalamu, akapiga mstari mweusi juu ya ule mwekundu, kutoka juu mpaka chini.

"Ilipaswa nijue," alisema. "Hakuna mwili wa mtu unaoshuka mbili mbili kama ngazi. Niliona, nikataka iwe kweli. Kosa hilo ni langu." Akafungua kompyuta, akaandika kidogo, akangoja. "Bila yeye wamebaki ishirini na tisa. Wa msituni wameshuka sita kwa wastani. Wa barazani wameshuka mbili."

"Tofauti ni nne," Mganga Mkuu alisema. "Zinatosha?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Fundi alijua jinsi ilivyo rahisi.

"Peke yake hazitoshi," Mtafiti akajibu. "Huenda ni msitu, huenda ni bahati. Nahitaji wiki nane nyingine na watu wengi zaidi, na kila mmoja apimwe na mwenzake, si yeye mwenyewe."

Mganga Mkuu akakuna kidevu. "Mimi niliomba namba. Binti huyu angeweza kunipa namba niliyoitaka, amenipa iliyopo. Maboksi yamekaa koridoni miaka miwili. Yakikaa miezi miwili zaidi hayatazaa. Nitayafunika turubai."

Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga. Miti ikapewa wiki nane.

"Na mimi?" Fundi akauliza. "Naweza kurudia? Safari hii kweli."

Mtafiti akamtazama kwa mara ya kwanza. "Hapana, Fundi. Jina lako nimelifuta. Siwezi kulirudisha."

Ilimuuma, tena palipouma hasa ni pale penye sabini na moja. Akainamisha kichwa. Watu wakaanza kusogeza viti, kikao kinaisha, na kutoka kwenye kile chumba chenye mlango wazi ikasikika sauti ya Fundi Viatu, dhaifu lakini yenye kisirani chake cha siku zote:

"Msimwache aende hivi hivi! Aseme atafanya nini! Maana mimi kesho sitamwamini hata akiniambia ni Jumapili."

"Sawa kabisa," mke wa Fundi akasema. "Aseme, sote tusikie."

Mwenyekiti akagonga meza. Waliokuwa wamesimama wakabaki wamesimama, bibi wa mkongojo akageuza kiti ili aone vizuri. Fundi akavua koti, akaliweka mkononi, akasogea mpaka pale ambapo mgonjwa angeweza kumwona kutoka kitandani.

"Mbele ya Mungu," alisema, akahamishia koti mkono wa pili, akaanza upya. "Mbele ya Mungu, na mbele yenu, na mbele ya mke wangu ambaye hasahau: leo kabla jua halijazama nitapita kwa kila mtu aliyesikia habari za lile daftari, nimwambie ni uongo na, kama ameacha, arudie dawa zake. Na kuanzia kesho, kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitamgongea mlango ndugu yangu huyu, nitamwona kwa macho yangu akimeza kidonge chake, kisha nitakaa naye msituni nusu saa kamili, wiki zote nane. Sitapima, sitaandika. Na siku nisipofika, mje wote mnitoe kitandani."